Nyumba Isiyopiga Sufuria

Ilianza kwa mlio: kijiko juu ya sufuria, mbali, upande wa sokoni. Mwingine ukaitikia, kisha filimbi, kisha avenyu nzima ikawa chuma kinacholia. Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lizame, sikuona hata mkono wangu. Ndugu zangu wa jumuiya, mnaujua mlio huo, maana wengi wenu ndio mlioupiga. Hapa mtaani kwetu Kenya, wezi wakiingia kwa jirani, kila nyumba inagonga sufuria, ili wajue kwamba tuko macho. Nyumba moja tu haikugonga. Ilikuwa yetu.

Sitataja jina la mtu. Mama yangu amekaa hapa mbele, na ameniruhusu kusema.

Asubuhi kwenye bomba wanawake walinigeuzia migongo. "Benye kuiba balipita wapi?" akauliza mmoja. "Uliza benye kunyamaza," akajibu mwingine, wakacheka. Kufika Jumapili hatukuwa tena nyumba iliyonyamaza, tulikuwa nyumba ya wezi. Watoto niliokuwa nikiwafundisha hesabu wakakatazwa kuja, na fedha zao ndizo zilizokuwa karo yangu.

Maana nilikuwa nasoma sosiolojia, mwaka wa pili. Profesa alitufundisha kwamba hakuna tendo linalozaliwa likiwa kosa, ni watu wanaokubaliana kuliita hivyo. Kwamba jamii ikimnyooshea mmoja kidole, wengine wanasogeleana na kujiona wasafi. Kwamba ukimbandika mtu jina la mwizi na kumfukuza kila mahali, watakaompokea ni wezi. Niliyaandika yote kwenye mtihani, nikafaulu. Sikujua kwamba maneno hayo yanaweza kukufuata hadi kitandani.

Wa kunipokea hawakukawia. Alikuja kijana tuliyekulia mtaa mmoja, viatu vyeupe, manukato yakijaza chumba. "Yaya," aliniambia kwa upole, kama kwa ndugu yake mkubwa, "jina uko nayo tayari. Inabakia kazi tu."

Alitaka jambo dogo: Jumamosi niache komeo la lango wazi. Tunakaa kiwanja kimoja na mama anayeuza samaki wa Kasenga, naye angekuwa amerudi na mauzo ya safari nzima. "Ule mama njo wa kwanza kukutukana," akasema. "Hatumuibie, tunamufunza heshima."

Hata hilo nililisoma: mtu hujifunza kuiba kama anavyojifunza kushona, kwa wenzake, na somo la kwanza ni maneno ya kuosha dhamiri. Niliyatambua, nawaambia, na bado yalikuwa matamu. Nikamjibu: "Nitafikiri." Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Sikusema hapana.

"Fikiri mbio," akasema akiinuka. "Na ukisema kwa bantu, tunajua fasi mama yako analalaka."

Alhamisi mama wa samaki akasimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni. "Miye sikuje kugombana. Nataka nikuulize tu. Juu ya nini nyinyi hamukupiga?"

Avenyu nzima ilikuwa imetuhukumu bila kuuliza swali hilo. Mama ndiye aliyejibu, kutoka ndani. Mdogo wake wa kiume, kule Kipushi, alisikia sufuria kama hizi akakimbilia katika kiwanja cha watu kujificha. Wakamdhania mwizi. Wakamchoma kwa tairi. Tangu hapo mlio ukianza, mama huanguka chini na kunishika mikono yote miwili, na mimi sina mkono wa kupigia. Tulificha jambo hilo kwa sababu ndugu wa aliyechomwa huitwa ndugu wa mwizi.

Mama wa samaki alisikiliza hadi mwisho, akaondoka bila hata pole. Nikajua kesho bomba lote litakuwa na habari.

Ijumaa, giza likiingia, sufuria zikalia tena. Mama akaanguka. Nikasikia miguu ikikimbia uani, nikashika mchi. Alikuwa mama wa samaki, mikono mitupu. Akaketi sakafuni, akamziba mama masikio kwa viganja vyake. "Lia, yaya, lia tu."

Nje mtu akapaza sauti: "Eh! Hata kwa mama wa samaki banyamaza!"

"Tunanyamaza!" akajibu yeye. "Munataka nini?"

Jioni ile nyumba mbili hazikupiga. Mlio ulipokoma niliwaambia wote wawili habari ya komeo. Mama wa samaki hakunigombeza. Alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa avenyu.

Wewe mama umekaa kati yetu, sikutaji, aksanti. Aksanti kwa mkubwa wa avenyu na wababa waliokesha uani petu. Profesa alisema kinachomzuia mtu asiibe ni kamba zinazomfunga kwa wenzake zaidi ya woga wa polisi. Mimi zangu mlikuwa mmezikata karibu zote. Nawaomba, kabla hamjampa mtu jina, nendeni kwake mkamuulize.

Sasa nimalizie. Jumamosi mchana kijana alikuja kuchukua jibu lake.

"Komeo litafungwa," nikamwambia. "Na mwenye samaki anajua. Mkubwa wa avenyu anajua."

Akacheka, lakini macho yake yalikwenda dirishani. "Bataendelea kukuita mwizi, yaya."

"Baite."

Alibaki amesimama, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia. Mama yangu akainuka, akamfungulia, akangoja apite. Kisha akausukuma mlango nyuma yake kwa mikono yote miwili.