Risala ya Washambuliaji kwa Beki Aliyewanyima Magoli

Mgeni rasmi, beki wetu mpendwa, unayejulikana viwanja vyote kwa jina la Samahani. Shemeji yetu, mke wa mgeni rasmi. Mwenyekiti wa umoja wetu. Waamuzi wastaafu mliokaa kule nyuma, mbali na tukio kama kawaida yenu. Mabibi na mabwana:

UKARIBISHO

Sisi washambuliaji tuliostaafu tunakukaribisha kwa furaha katika ukumbi huu wa shule. Feni moja tu ndiyo inayofanya kazi, na tumeielekeza kwako. Watu wametuuliza inakuwaje washambuliaji wamwalike beki awe mgeni wao rasmi. Tumewajibu kwamba hakuna waliokaa karibu nawe kwa muda mrefu kuliko sisi, ukimtoa shemeji, na hata yeye tuna wasiwasi.

HISTORIA YAKO

Ulianza katika timu ya kiwanda cha sabuni, ukitoka zamu ya asubuhi na kuingia uwanjani mikono ikiwa bado inanukia. Tangu hapo umechezea klabu kumi na moja: ukauzwa, ukaazimwa, ukarudishwa, ukaazimwa tena. Kila mahali ulifika na begi moja, na hukuwahi kununua kabati. Jina la Samahani ulilipata kwa sababu ulikuwa ukisema "Samahani, kaka" kabla ya kutunyang'anya mpira, si baada yake.

Ulihama mno hata wewe mwenyewe ukachanganyikiwa. Katibu anayesoma risala hii alikuwepo mwaka ule ulipoondoka klabu yetu siku ya Alhamisi, ukarudi Jumapili umevaa jezi ya wapinzani. Mapumziko yalipofika, miguu ikakuleta chumbani kwetu. Ukakaa mahali pako pa zamani, ukaanza kulegeza kamba za viatu. Kocha wetu alikuwa ameshaanza kueleza namna ya kukupita.

"Kaka," mmoja wetu akakwambia, "uko kwetu."

"Ah, samahani," ukasema. Ukachukua kipande cha chungwa letu, ukaondoka. Kipindi cha pili hatukukupita hata mara moja.

MAFANIKIO

Vitabu vya ligi havina mengi ya kusema juu yako. Kombe hukubeba. Magoli ulifunga matatu, na mawili kati ya hayo uliifunga timu yako. Mafanikio yako tumeyatunza sisi, tena kwa uchungu. Katibu huyu alibakiza goli moja tu awe mfungaji bora wa msimu. Mpira ulishampita kipa, ukagonga paja lako mstarini. Paja hilo lipo hapa mbele yangu, limekaa kitini, halina hata aibu.

Hatusahau pia siku mwenyekiti wetu alipovunjika mguu. Mpira ulikuwa kwako, timu yako ikihangaikia goli la kusawazisha. Ukautoa nje, ukapiga magoti, ukamshika mkono hadi machela ilipofika, huku kocha wako akikutukana.

"Usiangalie mguu, kaka," ulimwambia. "Niangalie mimi."

Mwenyekiti yupo leo. Anatembea kwa fimbo, na kwenye chakula anatushinda wote.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto ya kwanza ni kwamba umezitumikia klabu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyokuandalia mechi ya kukuaga. Kila moja inasema kwao ulikaa kidogo. Jambo hili limetuuma.

Ya pili ni ngumu kuisema. Tumesikia klabu ya kumi na mbili imekuita, na Jumatatu unakwenda kutia saini. Tunasisitiza kwamba shemeji hakututuma. Yeye alikuja tu kwa mwenyekiti, akakaa, akalia, akaondoka.

Goti lako la kushoto tunalijua. Msimu uliopita tulikaa jukwaani tukakuona ukigeukia upande huo kwa hatua tatu, wewe uliyekuwa ukigeuka kwa moja. Mshambuliaji mmoja wa siku hizi akatufuata.

"Wazee, yule Samahani anapitwaje?"

"Hapitwi," tulimjibu wote kwa pamoja.

Tulimdanganya, na tungemdanganya tena. Lakini vijana wana macho. Siku mmoja wao atakapolishtukia hilo goti, atakupita, na uwanja utacheka. Sisi uliotunyima usingizi hatuna moyo wa kuliona hilo. Daktari naye ameshakwambia kwamba likichanika tena, fimbo zitakuwa mbili: ya mwenyekiti na yako.

MAOMBI

Tunaomba Jumatatu usiende. Kituo chetu cha watoto hakina mwalimu wa mabeki. Tumekuwa tukiwafundisha sisi wenyewe, na matokeo mnayaona: wote wanakimbilia mbele, nyumba wanaiacha wazi.

Tunaomba pia Jumamosi hii uje uwanjani. Mechi ya kukuaga tumeiandaa sisi, maana klabu zako zimekaa kimya. Tulipopanga kikosi tukajikuta tuna washambuliaji tisa na kipa wa kuazima. Beki hatuna. Uvae jezi yetu, tafadhali; tutacheza kwa mwendo wa wazee, goti lisiumie. Miaka yote umesimama mbele yetu ukituzibia njia. Tunataka, kabla hatujazeeka kabisa, tujue wenzako walijisikiaje walipokuwa wakienda kushambulia bila kugeuka nyuma, kwa sababu wewe upo.

Mungu akulinde wewe, shemeji, na goti hilo.

Ni sisi tulioshindwa kukupita,
Umoja wa Washambuliaji Wastaafu.