Helen Atiir na Bakuli Lililokataa Kujaa

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Helen Atiir, kuhani wa Selime, anastaafu baada ya miaka thelathini ya utumishi: minane Lodwar na ishirini na miwili hapa Kakuma. Mimi, Benard Ekidor, ni kuhani wa Tarumai, mungu wa haki, na nimeketi meza moja na kuhani huyu wa huruma kwa miaka kumi na tisa. Halmashauri ya hekalu iliniomba niandike wasifu wake kwa sababu, walisema, hakuna anayemjua kama mimi. Hakuna pia aliyechoshwa naye kama mimi, ila hilo hawakuuliza.

Kwa wageni wetu wa Ijumaa, nieleze kidogo. Hekaluni kwetu kesi ina hatua mbili. Kuhani wa Tarumai husikiliza na kutamka hukumu, na hukumu ikiwa ya kweli, taa ya Tarumai huwaka yenyewe. Kisha kuhani wa Selime humwombea aliyehukumiwa. Selime akikubali, bakuli lake la jiwe hujaa maji, na adhabu hupunguzwa.

Mama Atiir alizaliwa Katilu, kwa wazazi waliolima mtama kando ya Turkwel. Lodwar alianza kama karani wa mapokezi. Baada ya miezi michache mkuu wa hekalu aligundua kwamba watu waliokuja kushtakiana walikuwa wakipatana barazani, kabla hawajafika ndani. Alikuwa anawapa chai na kuwauliza habari za nyumbani. Wakampa bakuli la Selime, yaani ukuhani, wakitumaini kwamba sasa atafuata utaratibu.

Hakuufuata. Alipokuwa tayari huku Kakuma, wakuu wetu wa Lodwar walipodai takwimu za mwaka za walioombewa huruma, Mama Atiir aliandika neno moja: "Wengi." Fomu ilirudishwa mara tatu. Mara ya tatu aliandika: "Wengi sana." Niliyeitwa kujieleza ni mimi.

Kuna Lokaale, mwizi wa mbuzi. Nilimhukumu mara sita, taa ikawaka mara sita, na mara sita Mama Atiir alimwombea hadi bakuli likamwagika sakafuni na kulowesha faili zangu. Mara ya saba alipendekeza Lokaale achunge mbuzi wa hekalu. Nilipinga kwa maandishi, kurasa nne. Lokaale anawachunga mpaka leo, na hajapotea hata mmoja. Ningependa kusema nilifurahi.

Lakini jambo ninalotakiwa kulieleza, naye ameniruhusu, ni la Machi 2017.

Ukame ulikuwa mkali. Paneli ya sola ya kisima cha upande wa Lopur ilitoweka, pampu ikasimama, na akina mama wakaanza kuchimba mchanga wa lagha, mto uliokauka, kutafuta maji. Mtu aliyeonekana mara ya mwisho karibu na kisima ni Santino, fundi wa baiskeli kutoka kambi ya wakimbizi. Watu walimleta hekaluni asubuhi wakiwa na hasira, wakajaa uani. Mkewe, Akuch, alikuja nyuma yao akiwa amebeba mtoto.

Santino aliniambia mara tatu, "Mzee, mimi sikuchukua. Nilienda kunywa maji tu." Mashahidi watano walisema wamemwona. Nilikuwa na hakika. Nikatamka hukumu: aondoke Kakuma, asirudi.

Taa haikuwaka.

Nilirudia hukumu kwa sauti. Ikabaki baridi. Nje watu walikuwa wanapiga mlango, na nilijua kwamba nikitoka bila hukumu, mtu huyo anaweza kuuawa mbele yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na niliamini Tarumai amechelewa tu kuona nilichokiona mimi. Mama Atiir alikuwa barazani na Akuch. Nilichukua kiberiti cha jikoni nikaiwasha taa kwa mkono wangu.

Aliporudi ndani, aliangalia taa, akapiga magoti kwenye bakuli kama kawaida. Aliomba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia. Bakuli lilibaki kavu, kavu kabisa, hata unyevu hakuna.

"Benard," aliniuliza, "taa imewaka yenyewe?"

"Imewaka."

Hakubishana. Santino alitolewa mjini kabla ya adhuhuri, akaelekea barabara ya Lokichoggio kwa miguu.

Siku mbili baadaye paneli ilipatikana. Fundi wa kamati ya kisima alikuwa ameipeleka kutengenezwa, na hakumwambia mtu. Asubuhi hiyo Mama Atiir alikuja mezani kwangu, akakaa, akasema polepole, "Selime hamsamehi mtu asiye na kosa. Ndiyo maana bakuli lilikauka. Mtu aliyekuwa na kosa siku ile si Santino."

Nilimwomba asiseme. Sheria yetu iko wazi: kuhani anayewasha taa kwa mkono anavuliwa ukuhani. Nilimkumbusha kwamba huruma ndiyo kazi yake, kwamba amewaombea wezi na wagomvi wa kila aina, na mimi ni mwenzake.

"Nitakuombea," alisema. "Lakini siwezi kukuombea kwa kitu ulichokificha. Na Santino yuko barabarani bila maji. Vaa viatu."

Siku hiyohiyo nilisimama uani na kusema nilichofanya, mbele ya watu walewale. Wengine waliinama. Akuch hakuinama, alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Mume wangu yuko wapi?"

Tulipanda lori la mizigo, Mama Atiir, Akuch na mimi. Kila kituo Mama Atiir alishuka na kusalimia watu, ejok huku, ejok kule, mpaka nikataka kulia. Alipokuwa akisalimia kwenye kituo cha tatu, mwanamke mmoja muuza chai alisema kuna Msudani anaziba pancha nyuma ya duka. Alikuwa yeye. Midomo ilikuwa imepasuka, miguu imevimba, lakini alikuwa hai. Akuch alimfikia kwanza.

Kisha Santino aligeuka kwangu. "Mzee, mimi nilikuambia mara tatu."

"Ndiyo."

"Basi wewe niambie mara moja."

Nikamwambia: nilikosea, na taa ilinionya, nikaiwasha kwa kiberiti. Alikusanya zana zake. Halafu akamwambia mkewe waende nyumbani.

Tuliporudi, Mama Atiir aliniombea, na bakuli likajaa. Halikumwagika, nataka iandikwe hivyo. Lilijaa mpaka ukingoni na kusimama. Sikuvuliwa ukuhani. Badala yake nilifagia ua kwa mwaka mzima. Mwezi wa nne wa adhabu hiyo nilimwuliza kama hawezi kuniombea nipunguziwe. Aliniangalia, akaniangalia tena, akasema kona ile ya mlangoni sijaifikia. Lokaale, aliyesamehewa mara sita, alipita na mbuzi wake na kunipa pole.

Tangu hapo sijawahi kuharakisha hukumu. Taa ikikataa, naagiza chai, nakaa chini, naanza upya. Kesi zimerundikana, Lodwar wanalalamika, na kila barua ya malalamiko naiweka upande wa meza wa Mama Atiir, kwa kuwa kosa ni lake.

Santino sasa ana karakana yake mjini. Ndiye aliyejitolea kutengeneza benchi ambalo tutamkabidhi Mama Atiir siku ya Ijumaa, alibebe hadi Katilu, ambako anasema atalima na kupumzika. Kupumzika siamini. Nawapa pole majirani zake.

Mama Atiir, kwa niaba ya watumishi wote wa hekalu, asante kwa miaka thelathini. Shamba lako lizae, afya yako idumu, na wazee wa Katilu wakuvumilie kuliko mimi nilivyoweza. Kuhani mpya wa Selime anaripoti Jumatatu. Nimeambiwa ni mtu makini, hujaza fomu zote kwa wakati na habishani na mtu. Nimeshaandika Lodwar kuomba wanitumie mwingine.