Kamba Tupu ya Fundi Saa

— Hivi kwa Fundi Saa nguo zinakaukia wapi?

Swali lilikuwa la Redio, fundi baiskeli asiyeweza kulala na habari tumboni. Lilipita juu ya vikombe vya kahawa vya wenzake wa kijiweni likamkuta Fundi Saa mwenyewe ameketi pembeni ya benchi, lenzi jichoni, anachokonoa saa ya mteja. Hatua sita mbele yao ilikuwepo kamba ya kuanikia ya nyumba anayopanga, imevutwa toka nguzo hadi nguzo, wiki ya tatu haijaona hata kitambaa. Jua lilikuwa linawaka bure. Ndani ya nyumba hiyo alilala mkewe, kidonda cha upasuaji bado kibichi, na muuguzi alishasema: asinyooshe mikono, asibebe kitu, na alalie shuka kavu kila siku. Fundi alikuwa anafua, tena kila alfajiri, mlango umefungwa. Kazi ngumu ilikuwa kutoka nje kuanika. Kwa hiyo mashuka yalining'inia sebuleni kwenye migongo ya viti na mlango wa kabati, siku tatu hayakauki, yananuka kama gunia lililonyeshewa. Asubuhi hiyo mkewe alimwambia neno moja tu:

— Baridi.

Redio hakukata tamaa.

— Nauliza tena. Kamba hiyo sasa ni benchi la kunguru. Nguo zinakaukia wapi?

— Zinakauka tu, alisema Fundi, lenzi ikiwa palepale.

— Utulivu! Spika alinyanyua kikombe. Huyu alikuwa karani mstaafu, na tangu astaafu alijipa kazi ya kuongoza kila ubishi wa pale. — Hoja ipo mezani. Nani anachangia?

Kinyozi, ambaye kiti chake kilikuwa hakina mteja, alinyoosha kidole.

— Mheshimiwa, huyu ana mashine. Nguo inaingia mbichi, inatoka imekauka na pasi imepigwa.

— Acha kutupanga! alidakia Redio. — Chumba na sebule, mashine ataiweka wapi, kifuani?

— Basi anapeleka kwa dobi.

— Dobi gani? Madobi wote baiskeli zao naziba pancha mimi. Redio alishusha sauti, ile ya kushushwa ikasikika hadi ng'ambo ya barabara. — Jamani, mimi nafungua kibanda saa kumi na moja alfajiri. Nasikia maji mle ndani. Nasikia beseni. Mke yuko kitandani. Sasa nani anafua?

— Sema wewe!

— Kuna mwanamke anaingia mle. Anafua, anaanika humohumo, anatoka hakujapambazuka.

— Hee! Kinyozi alijipiga paja. — Kumbe Fundi! Mkimya kama saa iliyokufa, kumbe ndani mambo yanakwenda!

— Nimevua kofia, alisema Spika, na heshima ilikuwemo kabisa katika sauti yake. — Mwanamume mipango.

Fundi alitoa lenzi. Maneno mawili yangetosha: ni mimi. Aliyapima ulimini akayameza. Aliona afadhali benchi limdhanie ana hawara kuliko limjue kuwa anafua nguo za mkewe. Na dirisha la chumbani lilikuwa wazi, pazia limepigwa fundo ili hewa ipite. Mkewe alikuwa anasikia yote. Fundi alilijua hilo. Akachukua kahawa yake akanywa.

— Mbona husemi? alichokoza Redio.

— Niseme nini?

— Hajakanusha. Iandikwe hivyohivyo, alisema Spika.

— Au labda anafua mwenyewe! Kinyozi aliropoka, wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Kinyozi, usimvunjie mwenzio heshima! Spika alikuwa anafuta machozi. — Miaka ile, hapahapa mtaani, kuna bwana mmoja alianika gauni la mkewe mchana kweupe. Mtaa mzima ulimcheka, akahama.

— Kuhama ni kidogo, alisema Redio. — Sauti ilimpotea. Akiita watoto, inatoka hewa.

— Na kuku wake wakagoma kutaga, aliongeza Kinyozi.

— Kuku walijuaje?

— Kuku wanaona, bwana!

Msichana mmoja alikuwa amesimama karibu yao. Alikuja kuchukua saa ya baba yake, alishakabidhiwa, alishaifunga mkononi, lakini hakuondoka.

— Shikamooni, wazee. Samahani, huyo bwana alichekwa na nani?

— Marahaba. Na mtaa mzima, binti yangu.

— Nitajie mmoja.

Spika alipuliza kahawa yake.

— Mimi sikucheka. Mimi nilimsikitikia.

— Mimi nilikuwa bado sijahamia, alisema Kinyozi.

— Mimi niliambiwa tu, alisema Redio.

— Uliambiwa na nani?

Redio alimtazama Spika. Spika alitazama ndani ya kikombe chake.

— Na watu, alisema Redio.

— Watu gani?

Redio alianza kutafuta spana yake chini ya benchi. Msichana aliaga kwa adabu akaenda zake.

Fundi Saa alisimama akaingia ndani. Benchi likadhani amekasirika. Kisha dirishani ikatoka sauti ya mkewe, dhaifu lakini safi:

— Mume wangu, yule mwanamke wako wa alfajiri kaacha beseni chini ya meza.

Halafu sauti ya Fundi, kubwa kuliko walivyowahi kuisikia:

— Huyo mwanamke ni mimi!

Alitoka amelikumbatia beseni lenye nguo mbichi za alfajiri hiyo, akaliweka chini ya kamba. Kicheko kikaja kweli. Kilikuwa cha Kinyozi, kifupi. Fundi alikingoja kimfanye kitu. Maji yalimdondokea miguuni, kunguru akaruka, jua likabaki palepale. Akaanza na shuka la kitanda, kubwa, zito. Wiki tatu alikuwa analifunga kwenye mguu wa kiti ili alisokote, na kiti kinamfuata. Alilizungusha mara mbili, akaona ni yaleyale, akaliburuta hadi kwenye benchi na kumpa karani mstaafu upande mmoja.

— Mzee Spika, naomba uweke kikombe chini, ushike ncha hii, tukamue.