Bi Kinu Nagatani na Picha ya Mama Anayenawa Shingo

Marehemu Bi Kinu Nagatani alizaliwa tarehe 14 Machi 1904 mtaani Asakusa, Tokyo, mtoto pekee wa Mzee Tokumatsu Sugaya, mchonga mbao za kuchapia picha, na mkewe Ine. Mama alifariki Kinu akiwa na miaka minne. Sura yake hakuikumbuka. Aliachiwa picha moja tu aliyoichonga baba: Ine amekaa barazani, kimono imeshuka begani, ananawa shingo.

Alisoma shule ya mtaani miaka sita, kisha akajifunza kupiga chapa katika karakana ya baba yake. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko na moto viliteketeza karakana, mbao zote na picha ile. Alimsihi baba achonge nyingine. Mzee alijaribu siku tatu, akaweka patasi chini.

"Mwanangu, nywele zake nazikumbuka zote. Uso ndio umenikimbia."

Mwaka 1926 aliolewa na Bwana Eikichi Nagatani, mpiga chapa mwenzake. Kwa miaka thelathini na tisa alichapa wanawake wakichana nywele, wakikata kucha, wakinyonyesha. Kila Jumapili alizunguka maduka ya picha za zamani katika mtaa wa Kanda akitafuta nakala nyingine ya picha ya mama yake, kwani baadhi ziliuzwa kabla ya moto. Mumewe alimtania: "Wake za wenzangu wanakwenda sokoni, wangu anakwenda kwa mama mkwe wangu!"

Aliipata Novemba 1952, katika duka moja la huko.

"Mama, umesimama hapo tangu asubuhi," alisema mwenye duka. "Huyu unamfahamu?"

"Ni mama yangu."

"Acha utani! Huyu si angeweza kuwa binti yako?"

Kinu alicheka, kisha machozi yakamtoka. Picha ilikuwa imeshauzwa. Mwenye duka alimletea kiti na chai, naye Kinu akakaa na picha hiyo mpaka mnunuzi alipofika kuichukua. Baadaye binti yake Kinu, Fusae, alimwuliza kwa nini hakumwomba yule bwana amwachie.

"Ningeanzaje? Aliipokea kwa mikono miwili."

Hakuiona tena, ingawa Jumapili za Kanda hakuziacha.

Mwaka 1966 alianza kuugua mapafu. Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 1968, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Ameacha mume, binti yake Fusae, mkwe na wajukuu wawili. Picha iliyo mbele ya jeneza ilipigwa kwa ajili ya kitambulisho, ndiyo maana amenuna. Nyumbani alicheka sana, na hakuna aliyewahi kumchora.

Alale kwa utulivu.