Mlango Alioufunga Balozi Haugstad

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja na baridi hii kumsindikiza baba yetu, mimi ni Marit, kifungua mimba wake, na familia imenituma niwasomee safari yake.

Verlyn Haugstad alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji wetu huu wa Brandal, Dakota Kusini, akasoma hapa hapa hadi sekondari, kisha akasomea kilimo chuoni Brookings. Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na mama yetu, Arlys, katika kanisa hili, wakajaliwa mimi na Dale, na mwaka 1982, akiwa ameshauzia matrekta nusu ya kaunti, alichaguliwa kuingia bunge la jimbo, halafu bunge la taifa huko Washington, kwa tiketi ya chama cha Republican, akiahidi kodi ndogo na mipaka iliyofungwa.

Mwaka 1999 alitunga kifungu cha sheria kilichozuia viza, hata za matibabu, kwa raia wa nchi kumi na moja, na kwenye gwaride la maonyesho ya kaunti alisimama katika gari la wazi akiturushia peremende na kusema, “Sheria yangu haina mlango wa nyuma,” nasi tukashangilia, na wengi wetu tumo humu ndani.

Alipoangushwa kwenye uchaguzi wa mwaka 2004, chama kilimfuta machozi kwa ubalozi, katika nchi ya visiwa iliyokuwa mojawapo ya zile kumi na moja. Dereva wake, Bwana Sefo, alikuwa na binti wa miaka sita, Lanuola, mgonjwa wa moyo, na hospitali moja ya jimbo letu ilikubali kumpasua bure, ila viza hakuna. Baba aliwabembeleza wabunge aliokula nao chumvi, wakamjibu kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto alifariki tarehe 19 Septemba 2006, na baada ya maziko Sefo aliendelea kumfungulia baba mlango wa gari kila asubuhi.

Baba alirudi mwaka 2008 na aibu yake, hakupanda tena gari la gwaride, na aliyemwita Mheshimiwa alimjibu, “Niite Verlyn tu.”

Jana Dale alinisihi, “Dada, hayo ya mtoto yaache, watu wamekuja kuzika,” lakini baba, kabla kiharusi hakijamfunga ulimi, aliagiza yasomwe hayo, ama asisomewe lolote. Alifariki tarehe 11 Januari 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, wenzake wa Washington walioleta maua, na akina mama waliotuandalia kahawa na chakula katika ukumbi wa chini ya kanisa. Bwana Sefo tulimpa taarifa, hajajibu, wala hatumdai jibu.

Baba aliomba kwamba leo, katika kanisa hili, jina la kwanza kuombewa pumziko lisiwe lake.

Lanuola, pumzika kwa amani.

Baba, nawe pumzika.