Mama Chupa na Bomba la Mwisho

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, dada yake mkubwa, na kwa kuwa aliyelala hapa hakuwahi kupamba majibu ya vipimo, nami sitampamba.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chupa, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1958, kota za reli, chumba cha nyuma, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshonaji, akasoma shule ya msingi nyuma ya stendi, akamaliza sekondari 1976, na tarehe 10 Januari 1978 akaajiriwa maabara ya maji ya manispaa. Tarehe 22 Agosti 1981 aliolewa na dereva wa lori, mwanamume mpole ambaye, niseme tu, hata maji ya kunywa aliyanywa kwa ruhusa, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazini aliuchoma kwanza mdomo wa bomba kwa moto, akayaacha maji yatiririke, ndipo akakinga chupa, na siku zote alikwenda bomba la mwisho, nyuma ya machinjio, kwani dawa ya kuua vijidudu, tofauti na umbea, huchoka njiani.

Novemba 2009 mkuu wake akaagiza vipimo vyote vichukuliwe bomba la uani pa ofisi, hatua kumi kutoka tangi la dawa. Mdogo wangu akaleta chupa ya machinjioni, ina utelezi, inanuka choo, akaitua kwenye meza ya kikao kando ya biskuti zao, akawakaribisha, mkuu akajibu kwamba yeye leo hana kiu. Cheti kikatoka kikisema maji ni safi, jina lake chini, sahihi si yake, na wiki hiyo watoto sita wa kule wakalazwa kwa kuhara, mmoja hakurudi. Akahamishiwa stoo ya mita mbovu, na kila mwaka, hadi baada ya kustaafu 2018, aliandika barua jina lake liondolewe kwenye cheti kile, asijibiwe.

Aliugua figo Juni 2023, akafariki Alhamisi tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, akiniuliza kama barua imejibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchemshia maji ya msibani, na wenzake wa maabara, wale wachache, mnajijua. Mkuu naye tumemwona, kiti cha mbele, na chupa yake ya dukani katikati ya magoti, na rambirambi ya ofisi inayomsifu marehemu kwa vyeti alivyosaini tunamrudishia.

Mbele ya mwili huu familia inatamka, sahihi ile haikuwa yake. Haya, mdogo wangu, pumzika kwa amani, jina lako tumeshalitoa.