Mama Faida Anastasie, Aliyetaka Taa Iachwe Iwake

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Faida Anastasie anastaafu baada ya kuitumikia garaji yetu ya magari ya afya hapa Kasongo kwa miaka ishirini na miwili. Wengi mnamjua kwa sauti kabla ya sura. Mimi Soraya, ninayetunza depo ya vipuri, nimemjua zaidi kwa bisibisi, maana ameazima nyingi na kurudisha chache. Naandika haya nikiwa nimeshamsamehe.

Hakuanzia kwenye magari. Alijifunza injini kwenye kinu cha mpunga cha baba yake mkubwa, mtambo mkongwe wa mazutu, yaani dizeli, ambao ukiwashwa mtaa mzima ulijua. Alipokuja kuomba kazi mwaka 2003, mafundi wa wakati ule walimpa ufagio. Akafagia bila kinyongo mpaka alipofika kwenye gari lililokuwa limewashinda wote, akaegemeza ufagio ukutani na kuomba spana. Gari likawaka siku hiyohiyo, na ufagio akaachiwa mwingine. Hadithi hii anaisimulia mwenyewe, na kila akiisimulia gari linazidi kuwa kubwa.

Kisha yakaja magari yenye kompyuta, yenye taa za manjano na nyekundu kwenye tablo, mbele ya macho ya dereva. Pamoja nayo tukaletewa valizi, ile mashine inayochomekwa chini ya usukani ili isome namba ya hitilafu. Mama Faida aliipokea kwa mapenzi makubwa mno. Valizi ikitaja kapteri, yaani kile kidude kinachopima na kuipasha kompyuta habari, yeye alikuja mbio depo kuchukua kapteri mpya. Gari moja lilibadilishiwa kapteri mara tatu na taa ikaendelea kuwaka vilevile. Kumbe kapteri haikuwa na neno. Kiungo cha waya wake kilikuwa kimeingia maji ya mto. Alinuna siku mbili, akiwa na hasira na valizi, na mto, na mimi niliyempa kapteri. Lakini haraka haraka haina baraka, na somo lile hakulisahau: namba inakuonyesha pa kuanzia kutafuta, na kutafuta kunabaki kazi yako.

Tangu hapo hakuchomeka valizi kabla shofere aliyeendesha gari hajaketi, akapewa chai na kusimulia safari yake. Taa iliwaka ukipanda mlima au ukishuka? Ulivuka maji? Mazutu ulitia wapi? Umebeba nini humo ndani? Wageni walidhani ni porojo za mama mpenda habari. Ni kweli anapenda habari, tena sana, lakini nusu ya magari aliyatengeneza kwa masikio kabla ya kugusa chuma.

Tatizo lilikuwa kwamba mashofere hawakuwa wakisema kweli. Siku zile aliyeleta gari huku taa inawaka alihesabiwa kuwa ndiye aliyeliharibu, na wapo waliopoteza kazi kwa namna hiyo. Kwa hiyo walifika mwisho wa mji, wakasimama, wakachomoa waya wa betri mpaka kompyuta isahau kila kitu, halafu wakaingia garajini na tablo safi na uso wa malaika. Mmoja alibandika plasta ya hospitali juu ya taa. Mama Faida aliibandua mbele yetu sote, akauliza kama kidonda kimepona.

Mambo yaligeuka siku ambulansi aliyoiendesha shofere wetu Lukumani ilipozimika njiani ikirudi kutoka Kabambare. Kwa bahati haikuwa na mgonjwa. Namba ya hitilafu ilitaja kapteri inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Mama Faida akafunua boneti, akakuta kiota cha panya kilichojengwa kwa kumvi za mpunga, na waya wa kapteri umetafunwa. Akaenda kumketisha Lukumani. Chai haijapoa, Lukumani akatoa yote: mama mkwe wake, Bi Aziza, alikuwa akimsubiri kando ya njia kila safari na magunia ya mpunga, na mtu mwenye akili zake hampiti mama mkwe barabarani. Magunia yalilala ndani ya ambulansi, panya nao wakahamia humo.

Mama Faida angeweza kusema ni panya tu na kuishia hapo. Alikataa, kwa sababu chanzo kikifichwa panya wangerudi, na safari nyingine mgonjwa angekuwemo. Alikwenda na Lukumani mpaka ofisini kwa mkurugenzi wetu, Daktari Gédéon, mtu wa haki mwenye hasira za karibu. Daktari alisikiliza, kisha akasema Lukumani arudishe funguo na aende nyumbani kwake. Lukumani ana watoto sita, na hapa mjini kazi ya pili ya kuendesha ambulansi haipo. Niliyasikia yaliyofuata kwa sababu ofisi na depo vinatenganishwa na ubao tu.

“Docteur, huyu amekosa, mupatie azabu,” Mama Faida alisema. “Lakini usimufukuze juu ya kusema kweli. Ukimufukuza, kesho mashofere wote wataniletea magari taa imezimika na injini imekufa. Mimi nitatengeneza nini?”

Daktari alimwambia Lukumani abaki na funguo. Akaamua aoshe magari yote mwezi mzima, na mpunga wa Bi Aziza upande pikipiki kama mpunga wa watu wengine. Wakakubaliana pia jambo ambalo halikuandikwa popote: shofere anayeleta gari huku taa inawaka, akaeleza kweli yote, hatafukuzwa kwa kweli hiyo.

Matunda yake tuliyaona msimu wa mvua uliofuata. Lukumani alikuwa akimleta hapa Kasongo mgonjwa aitwaye Emmanuella, mama mkulima wa Wamaza, ambaye ndugu zake walikuwa wamemfikisha Kabambare kwa pikipiki, uchungu umemshika na mtoto amekwama. Katikati ya njia taa ikawaka na gari likaishiwa nguvu. Lukumani akapanda kilimani kutafuta mtandao, akapiga simu, na kabla hajaulizwa akasema lile ambalo zamani angelificha: “Mama, nilitia mazutu ya mu bidoni, ya njiani. Kosa ni yangu.” Mama Faida hakupoteza muda kugombana. Alijua mara moja kwamba mazutu yale ya dumu yana maji, akamwelekeza afungue kizibo chini ya chujio, amwage mpaka yatoke mazutu matupu, kisha apige pampu ya mkono ya mazutu hadi iwe ngumu. Gari likapata nguvu. Emmanuella alipasuliwa hapa Kasongo, na mtoto wake ameanza shule mwaka huu. Ingekuwa Lukumani amejibu kwamba hajui kitu, sithubutu kufikiria mwisho wake.

Ndiyo maana tangu tarehe ya kustaafu ijulikane, Mama Faida hakuwa na raha. Serge, anayechukua nafasi yake, anaijua valizi vizuri sana, hata Mama mwenyewe anakiri, ingawa kwa sauti ndogo. Lakini Serge bado anaogopa wakubwa, na makubaliano yale yalikuwa neno la mdomo tu, kati ya Mama Faida na Daktari. Mama aliniuliza zaidi ya mara moja kama akiondoka watu hawatarudi kwenye plasta na kuchomoa betri.

Jumatatu iliyopita, mashofere wakiwa wamekusanyika kuchukua funguo, Daktari Gédéon aliingia garajini kwa miguu. Jumamosi alikuwa ameendesha mwenyewe pikapu ya ofisi kwenda arusi Nyangwe, na hakuna aliyejua yaliyompata. Hakumfuata Mama Faida. Alimfuata Serge, akasimama mbele yake, watu wote wakisikia.

“Serge, taa nyekundu ya moto iliwaka tangu Nyangwe. Niliiona, nikaendelea tu, juu nilikuwa nachelewa kurudi. Injini ni mimi nimeiharibu.”

Lukumani aliangalia chini. Serge akamuuliza Daktari, kwa heshima na bila woga, kama maji ya kupoza injini yalipungua kabla ya taa kuwaka au baadaye, na Daktari akajibu kila swali mbele ya mashofere wake.

Mama Faida aliingia depo, akafunga mlango, akalia. Sijawahi kumwona akilia katika miaka yote hii, hata vita vilipokuwa jirani. Nikampa kitambaa, akajifuta, akaniambia: “Soraya, nilikuwa naogopa mutanisindikiza mimi pamoja na neno langu.”

Mama Faida, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa kelele zako, na kwa kila mgonjwa aliyefika. Tunakuombea afya, mpunga mwingi shambani, na usingizi wa mchana ulioukosa kwa ajili yetu. Wewe nenda ukapumzike. Neno lako limebaki kazini.